Kona ya Kikapu cha Salma

Usiku ule nililala mapema kama kuku, tena nimeshiba, msije mkasema ni njaa iliyoota. Nikamwona Salma. Mjukuu wangu, mke mwenzangu yule, mtoto wa Hadija wangu, tuliyemzika kabla ya mvua hizi. Injinia. Mtaa mzima ulijua, maana mama yake alikuwa akilisema neno hilo kwa kulivuta puani: "Mwanangu injiniaaa." Na mimi namwiga, watu hoi kwa kucheka.

Alikuwa amekaa kwenye jamvi langu, kanga yangu kiunoni, anasuka kikapu. Simuulizi katokaje huko. Ndotoni mtu haulizi. Namtazama mikono tu. Mara si kikapu tena, ni ile kompyuta yake, na ndani mna chuma cha daraja, kimekunjamana kama goti la ng'ombe. Anakivika wavu, pembetatu kwa pembetatu, kama alivyonionyesha alipokuja likizo.

Siku ile alinieleza: chuma kikishavaa wavu wanakitwisha mzigo humo humo kwenye kompyuta, waone kitakatikia wapi kabla hakijatengenezwa. Nikamcheka. "Miaka yote ile ya shule, mke mwenzangu, kumbe umesomea kusuka? Si ungekaa na mimi, nikufunze bure!"

"Nimeanzia kwako, Bibi," akasema. "Wewe si ndiye unayechana ukindu mwembamba ukifika kona, pale kitako kinapopanda kuwa ubavu? Na sisi hivyo hivyo. Kwenye kona ndiko mzigo unakojikusanya. Ukiweka pale pembetatu kubwa kubwa, kompyuta inakwambia chuma ni kizima. Kumbe kitakatika."

Ndotoni hacheki. Ananipa kikapu, maana kimesharudi kuwa kikapu. Nakipapasa. Kitako kizuri, ubavu mzuri. Kwenye kona ukindu mpana, umelazwa ovyo, na mkono uliousuka naujua, ni wangu. Kidole changu kinapenya, kinatokea upande wa pili.

"Hapa ulipita haraka, Bibi."

Nataka kumtania. Nafungua mdomo nimwige, sauti inayotoka siyo ya kuiga. Ni yake yeye, ile ya kwenye simu: "Bibi, kifua kinanibana."

Naijua hiyo. Alinipigia siku tatu kabla hajafa. Na mimi, mdomo wangu huu, nikaivuta kama mtoto anayedeka: "Bibiii, kifua kinanibanaaa! Toka hapo kwenye kompyuta ukaolewe, kitaachia!" Akacheka. Akasema, haya Bibi. Nikakata simu, nikaenda kutazama maharage yangu yasiungue.

Sijamwambia mtu. Kila jioni Hadija anauuliza ukuta: "Kwa nini hakusema anaumwa? Hata mtu mmoja, hakumwambia?" Na mimi hapo hapo namwiga shehe na kikohozi chake, namwiga jirani anavyoomba chumvi, mradi acheke, mradi asiulize tena. Hacheki. Anazidi kukonda tu.

Nalia ndotoni, nalia kama mtoto wa kweli sasa. Salma ananishika mkono. Wake una joto, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwambie mama. Polepole. Usiruke."

Nikaamka nimeng'ang'ania pindo la shuka, kumekucha, mkono mtupu. Nikautafuta ule ujoto kwenye kiganja. Haupo.

Hadija alikuwa uani, anakoroga uji. Aliponiona na macho yangu mekundu akajikaza, akanitania yeye leo, maskini: "Haya, mama, asubuhi hii unamwiga nani?"

"Simwigi mtu. Kaa, mwanangu."

Hakukaa.

"Salma alinipigia simu," nikasema. "Alisema anaumwa. Aliniambia mimi."

Mwiko ukamsimama kwenye sufuria. Nikaanza tangu simu ilipolia, neno moja baada ya jingine, hata pale nilipocheka. Uji ukaungua, hakuna aliyeuepua.