Mtandio Uliotoka Majini

Juzi nilikuwa napaka rangi mlango wa nyumba yangu hapa Handeni. Tone la buluu likaponyoka kwenye brashi, likaangukia ndoo ya maji, na badala ya kuzama likatanuka juu kama jicho linalofumbuka. Nilisahau mlango. Moyo ulikuwa umesharudi Korogwe ya Zamani, ndugu yangu, uani kwa shangazi, msimu ule dada yangu alipokuwa anaolewa.

Mama alikuwa amempatia dada mtandio mweupe wa pamba. Bibi alipouona alisema, "Mweupe hivi, kama sanda?" Dada akalia, kwani harusi ilikuwa kesho kutwa na hapakuwa na mwingine. Ndipo shangazi aliposema, "Nileteeni mimi." Aliwahi kuishi kambi ya mkonge kule Mazinde, na huko aliona vitambaa vikitiwa rangi juu ya maji.

Alipanga matofali, akatandaza nailoni ikawa kama bwawa dogo, akamimina maji aliyochemshia mlenda, mazito, yanayovutika. Mabaki ya rangi ya mafuta ya madirisha akayazimua kwa mafuta ya taa. Ua wote ukanuka. Akadondosha kwa unyoya wa kuku: buluu, nyekundu, njano. Matone yakaelea, yakasukumana bila kuchanganyika. Alipopitisha mwiba wa mkonge kati yake, rangi zilijikunja kama mto unaotafuta njia.

"Msiongee," alituonya. "Rangi hii inasikia hata pumzi."

Shangazi na dada wakashika ncha, wakaushusha mtandio taratibu, katikati kwanza. Mara upepo ukainua pembe moja, ikarudi majini imekunjamana.

"Umeharibika!" mama akapiga kelele.

"Tulia, wifi. Palipogusa pamegusa."

Wakauinua. Kila mkunjo wa rangi ulikuwa umehamia kwenye kitambaa, na maji yalibaki matupu, kana kwamba hayakuwahi kubeba kitu. Pale pembeni palikuwa na mstari mweupe wa upepo, na hapo ndipo palipopendeza kuliko pote. Bibi aliugusa kwa kidole kimoja, akasema taratibu, "Subhanallah."

Dada aliolewa nao. Baadaye aliutumia kubebea wanawe wote mgongoni, hadi ukachakaa ukaisha. Shangazi alijaribu kutengeneza wa pili, kwa rangi zilezile na mlenda uleule. Ukatoka mzuri, lakini mwingine kabisa. Sasa ametangulia mbele za haki, na ua ule umejengwa vyumba vya kupangisha.

Utotoni niliamini watu wazima wanajua kila kitakachotokea. Lakini siku ile, mtandio ulipokuwa unapanda kutoka majini, nilimtazama shangazi usoni. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wangu.