Foronya Tisa Zisizojulikana Zilipo

Mashine kubwa ya chumba cha kufulia cha hospitali huchukua dakika arobaini na mbili, tangu mlango wake ufungwe hadi ilie. Ndani ya dakika hizo dobi hana la kufanya. Wengine huegemea marobota ya mashuka wakasinzia, wengine huwateta wauguzi. Dobi mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyevaa miwani iliyoshikizwa kwa uzi wa kushonea, alikuwa akiandika riwaya.

Aliiandika kwenye simu, kwa kidole gumba kimoja, akiwa amekalia kikapu cha nguo kilichopinduliwa. Aliandika Jumatatu tu, kwa sababu Jumatatu mashuka ya siku mbili za mapumziko huja kwa pamoja na mashine hujazwa hadi shingoni. Sura moja, mzunguko mmoja. Ikilia, anaacha palepale alipofika, anaituma, anakwenda kupakua. Ndiyo maana sura ya thelathini na nne iliishia kwa maneno haya: “Mpima ardhi aliinua mkono abishe hodi, na”.

Alizituma kwa kundi la mtandaoni lililoitwa Tuandike Tu. Lilikuwa na watu sitini na watatu, ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana, wote waandishi kwa maana ya kwamba walikuwa wakiandika. Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Miaka thelathini na minane alikuwa akiwapa watoto wa watu sifuri, na siku aliyostaafu akaapa kwamba hatamvunja moyo kiumbe yeyote tena mpaka anaingia kaburini. Kundi lilikuwa na sheria moja: Humu hatuvunjani moyo. Sheria ya pili haikuwahi kuhitajika.

Ukituma kitu, unasifiwa, kisha unaambiwa “Endelea!” Dereva mmoja wa lori alikuwa na mwaka wa nne akiiandika upya sura yake ya kwanza, na kila mara alipongezwa kama mtu aliyepata mtoto. Kinyozi mmoja, aliyeandika mashairi ya mapenzi kati ya kichwa na kichwa, aliambiwa aendelee hata siku alipotuma kwa bahati mbaya picha ya kiwiko chake. Katika miaka saba ya kundi hilo hakuna aliyewahi kumaliza kitabu. Lakini vilevile hakuna aliyewahi kuacha, na makundi mengi hayawezi kusema hivyo.

Dobi huyu walimwita Bi Mvuke, na walimpenda. Yale maneno yaliyokatika njiani waliyachukulia kuwa ufundi. “Malkia wa kukatisha!” aliandika Mwalimu baada ya mpima ardhi kuachwa mlangoni na mkono juu. “Wiki nzima roho juu! Endelea!” Dobi hakuona haja ya kuitaja mashine.

Riwaya yenyewe ilimhusu mpima ardhi aliyempenda mjane mwenye duka la vitambaa. Sura themanini zilikuwa zimepita na hajamwambia. Sasa dobi alibakiwa na mwezi mmoja kabla ya kustaafu, yaani Jumatatu nne, yaani mizunguko minne, na alitaka amalize. Nyumbani alishajaribu kuandika. Alikaa mezani na simu, kimya kimetulia, chai pembeni, na halikuja hata neno.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa kooni, akamwambia mumewe, fundi bomba, aliyekuwa amelala chini ya sinki la jikoni lao wenyewe, ambalo kwa sababu ya kazi yake lilikuwa likivuja tangu mwaka juzi.

“Baba watoto, hivi unadhani wananisoma?”

“Si wanakusifia kila wiki?”

“Ndiyo. Lakini sifa zao ni kama zile gauni za wagonjwa. Zinamwenea kila mtu, na hazimkai yeyote.”

Fundi bomba alitoa kichwa. “Sasa unataka wakutukane?”

“Nataka kujua kama kuna mtu upande wa pili. Kama hakuna, huyu mpima ardhi na afie mlangoni, mimi nipumzike.”

Mumewe alifikiri. “Nipe hiyo spana,” akasema.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ule aliandika sura ya themanini na moja, ambamo mpima ardhi hatimaye alifungua mdomo. Siku hiyohiyo alikuwa na ripoti ya mwezi ya nguo za wodi ya kumpelekea bwana stoo, naye alipenda apelekewe kwenye simu kabla ya saa nne, si saa nne na dakika moja. Vyote viwili vilikaa katika daftari moja la simu, kimoja juu ya kingine. Mashine ikalia. Akanakili, akabandika, akatuma huku, akatuma kule, akaenda kupakua mashuka.

Saa sita alikaa kula, akafungua simu, akakuta kundi limefurika.

“Bi Mvuke leo umetuua,” aliandika Mwalimu. “Hii ndiyo sura nzito kuliko zote. Endelea!”

“Nimeisoma mteja yupo kitini,” aliandika kinyozi. “Nimeshusha mashine, nimekaa chini. Endelea, mama!”

“Machozi,” aliandika dereva wa lori.

Dobi alitabasamu hadi miwani ikapanda. Kisha akasogeza juu kuiona sura yenyewe, apate kujifurahisha, na akasoma: “Mashuka kumi na manne yamechanika katikati. Mawili yana madoa ya dawa yasiyotoka. Foronya tisa hazijulikani zilipo. Gauni za upasuaji zimepungua na hakuna anayekubali kuzichukua. Wodi ya watoto wanaomba mablanketi. Naomba yaangaliwe mapema.”

Alikitua kijiko. Watu ishirini na saba walikuwa wameisifu ripoti ya mashuka.

Basi ndiyo hivyo, alijiambia. Hakuna mtu upande wa pili, hajawahi kuwako. Mwaka wa pili huu nakitazama kisima nikidhani nazungumza na watu. Na akiwa bado anaumeza uchungu huo, ukamjia wa pili: ikiwa ripoti imekwenda kwa kundi, basi mpima ardhi amekwenda wapi?

Simu ikalia. “Mama,” ilisema sauti ya bwana stoo, “njoo stoo.”

Bwana stoo alikuwa mtu wa kuogopwa. Aliwahi kurudisha ombi la sabuni kwa sababu sahihi iligusa mstari. Dobi alimkuta nyuma ya meza, na mbele yake karatasi mbili zilizochapishwa, zimejaa wino mwekundu.

“Kaa, mama.”

“Samahani sana, bwana. Nilikosea, nikatuma…”

“Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta idadi.” Akavaa miwani. “Huyu bwana ameingia dukani saa nne asubuhi. Anazungumza karibu ukurasa mzima, na hakuna mteja hata mmoja aliyeingia. Hilo ni duka au ni msikiti?”

“Ni… la vitambaa.”

“Halafu amevua kofia mara mbili. Hapa, na hapa. Katikati aliivaa saa ngapi?”

Dobi aliinama kuangalia. Kweli, mara mbili.

“Na huyu mama anakubali upesi mno. Sura moja tu! Mke wangu mimi alinizungusha miaka miwili, na nilikuwa na baiskeli.”

“Bwana, amemngoja sura themanini.”

“Themanini?” Bwana stoo alishusha miwani. “Mimi nimeletewa moja. Hizo nyingine ziko wapi?” Hakusubiri jibu, akarudi kwenye karatasi, na kidole chake kikasimama mahali pasipo na wino mwekundu. “Hapa lakini. Pale mama anapopima kitambaa, anafika mita tatu, anasahau, anaanza upya, na huyu bwana mpima ardhi mzima, kazi yake vipimo, anaona amekosea na hasemi kitu. Hapo niliinuka nikafunga mlango wa stoo kidogo.” Akakohoa. “Ripoti yangu nimeingoja tangu saa nne.”

Dobi alirudi kwenye mashine na zile karatasi kifuani. Ndani ya muda mfupi aliotukanwa vizuri namna ile alikuwa amepata zaidi ya alichopata kwa “endelea” zote za mwaka. Ndiyo maana jioni, mumewe akichambua maharage, aliandika ujumbe wa kuliaga kundi. Alikuwa amefika kwenye “nawatakia kila la heri” kinyozi alipopiga. Hawakuwahi kuzungumza kwa sauti. Kinyozi alikuwa na sauti nene kuliko mashairi yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, nina jambo linanisumbua, tangu asubuhi sijanyoa mtu vizuri. Ile sura ya leo.”

“Ile uliyokaa chini?”

“Nilikaa kwa sababu sikuelewa. Nimeisoma mara tatu. Nikajiambia, labda ndiyo uandishi wa kisasa, mjinga ni mimi. Nikampigia Mwalimu kumuuliza. Mwalimu ana kurasa mbili ameziandika kwa mkono. Anasema mashuka kumi na manne ni miaka ya ndoa ya yule mjane, kwa sababu sura ya tatu ulisema aliolewa miaka kumi na minne. Foronya tisa anasema hajazipata. Amejaribu kuzigawanya na wapangaji wa sura ya hamsini, zinabaki mbili. Hajala mchana.”

Dobi alikaa kitako. “Mwalimu anakumbuka sura ya tatu?”

“Mama, Mwalimu ana daftari. Mimi mwenyewe nawasomea wateja. Yupo mzee mmoja anakuja kunyolewa kila Jumanne, na kichwani hana kitu cha kunyoa.”

“Ile ilikuwa ripoti ya mashuka, mwanangu. Ya hospitali.”

“Eh,” alisema kinyozi. “Basi nafuu.”

“Sasa mbona hamkuuliza? Watu ishirini na saba!”

“Tungeulizaje? Humu hatuvunjani moyo.”

Dobi aliufuta ujumbe wa kuaga. Akaandika mwingine, polepole, kwa kidole kilekile. Aliungama kuhusu ripoti. Akaungama na kuhusu mashine, kwamba ufundi wote wa kukatisha ulikuwa wa kampuni iliyoitengeneza. Kisha akaandika: “Nimebakiza Jumatatu tatu. Kila mmoja anitajie kosa moja katika riwaya yangu. Moja tu. Msiponitajia, sitaandika mwisho.”

Ombi hilo lilikuwa kama kuwaomba wanakwaya watukane madhabahuni. Juu ya skrini ilionekana mtu anaandika, kisha ameacha. Mwingine anaandika, ameacha. Dereva wa lori aliandika kwa dakika kumi nzima, na kilichotoka ni “Mimi sijaona.” Mwalimu alituma ujumbe mmoja tu, kusema kwamba hata hivyo ilikuwa ripoti nzuri.

Ilipita siku nzima. Jumatano asubuhi Mwalimu, aliyeiandika sheria kwa mkono wake, akaivunja.

“Bi Mvuke, naandika haya baada ya kuyafuta mara nne. Sura ya kumi na moja, mjane ana dada yake. Mjane anamtuma dukani kwa jirani akanunue uzi. Mpaka leo dada hajarudi. Nimemngoja mwaka na nusu. Kila Jumatatu nafungua nikisema leo atarudi. Nisamehe.”

Na hapo bwawa likapasuka. Mpima ardhi ana mguu mbovu, aliandika mmoja, lakini wakati mwingine ni wa kushoto na wakati mwingine wa kulia. Mvua ya sura ya ishirini, aliandika mwingine, ilinyesha siku tisa na hakuna aliyeanua nguo, na wewe ni dobi. Kinyozi aliandika kwamba masharubu ya mpima ardhi hayajapunguzwa tangu mwanzo, na kwa kasi ya kawaida ya masharubu sasa yangekuwa yanamfika tumboni. Dereva wa lori alikuwa na makosa kumi na tisa, yamepangwa kwa sura, na aliomba radhi chini ya kila moja.

Dobi alisoma amesimama katikati ya mashuka yaliyolowa, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Fundi bomba, aliyekuwa ameitwa hospitali siku ile kuzibua mfereji wa chumba kilekile, alimwona akatupa vifaa chini.

“Wamekutukana?”

“Wamenisoma,” alisema, na machozi yakamtoka kweli. “Wote. Wamenisoma mpaka kwenye masharubu.”

Jumatatu mbili zilizofuata alizitumia kurekebisha. Mguu mbovu ukawa wa kushoto, nguo zikaanuliwa. Bwana stoo aliletewa sura zote themanini, akazirudisha moja moja pamoja na fomu za sabuni, na wino mwekundu ukapungua kadiri alivyosogea mbele. Hakusema kama ni kwa sababu ziliboreka au kwa sababu alisahau kuwa anasahihisha.

Jumatatu ya mwisho dobi aliiandika upya ile sura ya themanini na moja, iwe ya mwisho. Duka lilikuwa na wateja wanne na mmoja wao mkorofi. Mpima ardhi alivua kofia mara moja, akaanza kusema, akakatizwa, akaanza tena. Mjane hakumjibu. Alimwambia ashike ncha ya kitambaa, na alipoishika, hakumwambia aiachie. Katikati ya hayo mlango ukafunguliwa, dada akaingia na uzi, akasema foleni ilikuwa ndefu.

Chini yake dobi aliandika neno ambalo kundi halikuwahi kuliona: Mwisho. Akatuma, akakaa juu ya kikapu.

Hakuna aliyesema “Endelea.” Dakika zilipita, kumi, ishirini. Watu sitini na wawili walikuwa wanasoma, na wengine, ilijulikana baadaye, walikuwa wanasoma polepole kwa makusudi. Wa kwanza kuandika alikuwa Mwalimu.

“Uzi alinunua wa rangi gani?”

Dobi alifikiri. Hakuwa na hakika. Ikambidi arudi sura ya kumi na moja kuangalia mjane alimtuma wa rangi gani.