Mama Akimkemea Bibi

Bibi yangu alitoka kanisani kwa sababu ya ugoro. Tulikuwa tukisali kwenye banda la mabati pale Rwamgasa, kikundi kidogo chenye makatazo mengi kuliko waumini, na ugoro ulikuwemo kwenye makatazo hayo. Jumapili moja bibi alipiga chafya katikati ya mahubiri, chafya ambayo kila mtu alijua ilikotoka. Alipotakiwa atubu, alijibu kwamba pua ni yake, hakuiazima kwa mtu. Akajifunga kanga yake vizuri akaondoka, na hakurudi tena.

Mzee wa kanisa akatutangazia masharti. Aliyetoka asisalimiwe, asitembelewe, wala mtu asikae naye kula. Anayekutana naye amkemee, basi.

Kwetu Usukumani, kumnyima mtu salamu ni kumwambia kwamba hayupo. Na bibi aliishi peke yake, nyuma ya nyumba yetu, mama akiwa mwanawe pekee. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote wa kitoto, na sijaacha vizuri hadi leo. Mama yeye, lile neno la kukemea alilishika kwa mikono miwili.

Kesho yake alisimama nje ya ua wa bibi akapaza sauti, nadhani hata baba aliyekuwa chini kwenye maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu, alimsikia.

"Mkaidi wewe! Goti limeacha kuuma?"

"Linauma! Linakuhusu nini?"

"Ole wako! Dawa niliyoacha dirishani umepaka?"

"Nimepaka, mtoto usiye na adabu!"

"Na hiyo michembe ya viazi vikavu utaila na nini, muasi mkubwa? Karanga hizo hapo, ziondoe zisiniudhi!"

Waumini walivutiwa mno. Hakuna aliyekemea kwa bidii kama mama. Alikemea asubuhi kabla ya kwenda shamba na akakemea tena jioni. Mvua iliponyesha aliingia kukemea ndani, kwa maelezo kwamba dhambi haingoji mvua ikatike. Nikawasikia wakicheka humo, halafu mama akakohoa na kuanza upya kwa sauti ya juu. Alirudi ananuka ugoro, lakini hilo tulilinyamazia.

Sifa zikamfikia mzee wa kanisa, naye akaja asubuhi moja na waumini wengine wajifunze kwa mama. Alisikiliza kidogo, akaona naye aongeze lake. Balaa ni kwamba yeye alikemea kweli. Alimwambia bibi kuwa siku akifa, hata huyu binti yake hatatia udongo kaburini.

Bibi aliinamisha kichwa na kuanza kuchezea ncha ya kanga.

Mama alimtazama bibi. Kisha akapiga magoti pale pale vumbini, watu wote wakiona.

"Mwangaluka, mayu," akasema. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi kwa mama.

Bibi aliitika kwa sauti ndogo sana, na mkono wake ukawa juu ya kichwa cha mama. Mimi nililia waziwazi. Mzee akatangaza hapo hapo kwamba mama naye si mwenzao tena, asisalimiwe na yeyote.

Sasa akabaki baba, ambaye bado alikuwa muumini, tena wa kukaa benchi la mbele. Jioni alirudi kutoka machimboni na habari alishazipata njiani. Alitukuta mkekani, bibi, mama na mimi, ugali umeshapakuliwa. Alisimama mlangoni akiwa na tope hadi magotini, akimtazama mke ambaye yeye sasa hakuruhusiwa kumsalimu wala kula naye. Mama hakuinua macho. Niliona mkono wake umekaa juu ya ugali bila kumega, nikajua anaogopa.

Baba akakohoa.

"Muasi mkubwa wewe," alisema, "sogea huko nikae."