Jina Nililoliandika Kwenye Karatasi ya Redio

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu uliye ugenini. Ilikuwa adhuhuri, katika chumba cha kurekodia cha redio, Dar es Salaam, na mkononi nilikuwa nimeshika kalamu. Nitakufikisha hapo. Ila kwanza nikujulishe Mwalimu Idrisa, maana bila yeye nisingekanyaga kile chumba.

Mimi naitwa Hamisi Kasoga. Nina miaka themanini na moja. Haya nayaandika nikiwa Abu Hamour, hapa Doha, nyumbani kwa binti yangu Asha, ambaye ni msimamizi wa vyumba hotelini. Amenileta kwa viza ya matembezi nipumzike. Ujanani nilikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la pili katika bendi ya jazi ya Tabora. Ninyi mkisikia jazi mnawafikiria Wamarekani. Sisi tuliita jazi bendi yoyote yenye tarumbeta na magitaa, ikipiga rumba na chacha, watu wakacheza wawiliwawili.

Bendi hiyo aliianzisha Idrisa Lugusha. Tarumbeta alijifunzia jeshini, kwenye bendi ya gwaride. Alipotoka jeshini akaajiriwa reli, karani wa mizigo, na jioni akikusanya wenzake wapige muziki. Walianza na tarumbeta yake, banjo moja, na ngoma aliyoiwamba mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi. Saksafoni na magitaa ya umeme vilikuja baadaye. Alitufundisha sote kusoma nota, akiziandika ubaoni katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Ndiyo maana tulimwita Mwalimu.

Santuri yake ya kwanza aliirekodi Nairobi kabla mimi sijajiunga, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Walipofika waliambiwa wimbo usipite dakika tatu, sahani haina nafasi zaidi. Wao walikuwa wamezoea kupiga dakika kumi, hadi wachezaji wachoke. Mpiga saksafoni wetu alinisimulia kwamba Mwalimu hakubishana. Alisimama pale pale akakata beti mbili na kipande kizima cha tarumbeta yake mwenyewe. Cha saksafoni akakiacha. Ndivyo alivyokuwa.

Basi akatunga wimbo uitwao "Tatu Nisubiri". Tatu alikuwa mkewe, na kazi ya reli ilikuwa ikimpeleka Kigoma na Mwanza majuma mazima. Aliutunga safarini, akarudi nao umekamilika, maneno na muziki. Akanipa mimi niuimbe.

"Sauti yangu ina mikwaruzo, Hamisi," alisema. "Wewe utamfikishia."

Watu waliupenda tangu dansi la kwanza. Redio ikatuita Dar es Salaam tukarekodi nyimbo saba. Siku hizo kila kitu kilirekodiwa kwa mkupuo mmoja. Mikrofoni zilikuwa mbili tu. Mimi nilisimama karibu kabisa, mpiga ngoma akafunikiwa ngoma yake blanketi, na Mwalimu akawekwa mlangoni kwa sababu tarumbeta yake ilikuwa inameza wengine wote. Mmoja akikosea, wote mnaanza upya. "Tatu Nisubiri" tuliurudia mara nne, na mara zote nne aliyekosea nilikuwa mimi. Ya tano ikakubali.

Tulipomaliza, Mwalimu akaenda kuswali. Fundi mitambo akaleta karatasi ya kujaza: jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi. Akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa na hati nzuri. Nyimbo sita niliandika mtunzi Idrisa Lugusha. Ya saba nikasita. Nikajiambia sauti ni yangu. Nikajiambia kuna neno moja katika ubeti wa pili nililibadilisha mimi, na Mwalimu akalikubali. Nikaandika: mtunzi, Hamisi Kasoga. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Baada ya wiki chache tulikuwa mazoezini, redio ikiwa wazi dirishani kwa kipindi cha salamu za wasikilizaji. Ukapigwa wimbo wetu. Tukarukaruka kama watoto. Kisha mtangazaji akasema, "Mtunzi na mwimbaji, Hamisi Kasoga." Mwalimu alikuwa akifuta mdomo wa tarumbeta kwa leso. Akaendelea kufuta mpaka akamaliza.

"Hamisi," akaniambia, "redio wamekosea. Utawaandikia?"

Alijua, mwanangu. Karatasi zote za bendi alikuwa akinipa mimi nijaze, kwa hiyo alijua ni nani aliyejaza ile. Lakini mbele ya wenzangu alinifungulia mlango nitoke bila aibu.

"Nitawaandikia, Mwalimu," nikasema.

Sikuandika. Wiki ile nilikusudia kweli. Iliyofuata zikaanza kuja barua za mashabiki, gazeti likatoa picha yangu, na bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ikaniita. Kabla sijaondoka Tabora Mwalimu aliniuliza tena, "Ile barua vipi?" Nikamjibu bado. Hakuuliza mara ya tatu. Miaka michache baadaye meno yake ya mbele yaling'oka, na mpiga tarumbeta bila meno ya mbele hana kazi. Bendi ikafa. Nilisikia amekuwa fundi cherehani, kisha nikasikia amefariki. Sikwenda kuzika. Mimi niliendelea kuitwa mtunzi wa "Tatu Nisubiri" mpaka nikazoea. Kuna siku niliuamini uongo wangu kabisa.

Sasa njoo huku Doha. Mwezi uliopita, Ijumaa baada ya swala, Watanzania wa hapa walikutana nyumbani kwa familia moja kule Al Thumama. Walikuwepo madereva, walinzi, akina dada wa hotelini na wa majumbani, na Wakenya wachache marafiki zao. Kassim, kijana dereva anayependa nyimbo za zamani, alikuwa ameandaa spika na kipaza sauti. Akasimama akasema, "Leo tunaye mtunzi mwenyewe!" kisha akaupiga wimbo. Mlinzi mmoja Mkenya akanishika mkono: "Mzee, hii ngoma ni yako? Wacha! Guka wangu, yaani babu, alikuwa anaicheza kila Krismasi."

Nikacheka. Nikasema ndiyo.

Mara tu nilipopewa sahani ya pilau, akaja binti mmoja, bado amevaa sare ya hoteli. Akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Tabora. Naitwa Rehema. Rehema Lugusha."

Nikaiweka sahani chini. Akaendelea kwa adabu, bila ubaya wowote:

"Huu wimbo babu yetu alikuwa akiupiga mluzi akishona. Na bibi alikuwa akituambia kila siku kwamba ni wake, alitungiwa yeye. Lakini redioni wanasema ni wako. Kwenye harusi ya kaka yangu alisema tena, shangazi akamwambia mbele ya wageni aache kujitafutia sifa za uongo. Tangu hapo hasemi tena. Labda alichanganya, babu. Umri."

Bi Tatu alikuwa hai. Hilo sikulijua. Miaka yote nilihesabu kuwa niliyemkosea ni mtu mmoja, naye amekwisha kwenda. Kumbe kulikuwa na mwanamke mzima, ana akili zake timamu, anaitwa mwongo kwa ajili ya kalamu yangu.

Nitakwambia ukweli: nilifikiria kunyamaza. Yule binti alikuwa amenipa njia ya kutokea, kama babu yake alivyonipa. Ningesema tu, "Ndiyo, wazee tunachanganya," angeondoka ameridhika. Asha alikuwa amekaa pembeni ananitazama, anadhani nimeugua.

Nikamwomba Kassim kipaza sauti. Nikasema, "Wimbo huu haukutungwa na mimi. Ulitungwa na Idrisa Lugusha kwa ajili ya mkewe. Nilijaza karatasi ya uongo redioni. Bibi wa huyu binti anasema kweli."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kassim akaninong'oneza, "Khalas, mzee, kaa tu, yameisha." Hayakuwa yameisha. Rehema alitoka nje bila kuniaga, nami nikaona ni haki yake. Baada ya robo saa akarudi, macho mekundu, simu mkononi. Kwenye kioo alikuwapo Bi Tatu, kajitanda khanga.

"Hamisi," akaniita, kama tuliachana jana.

"Nimekukosea, dada. Nimemkosea Mwalimu."

"Siku ile redio ilipotangaza alirudi nyumbani mimi nimenuna. Akaniambia, tulia, Hamisi ataandika. Nilipokuwa namuuguza nikamkumbusha. Akasema hivyo hivyo. Ataandika." Akaisogelea simu. "Basi andika."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Usiku haujaingia nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kurasa mbili. Asha alizipiga picha akazituma redioni. Wametujibu kwamba wamerekebisha daftari la kanda zao, na wimbo ulipopigwa tena lilisomwa jina la Idrisa Lugusha. Rehema anasema shangazi alikwenda kwa Bi Tatu siku hiyo hiyo, wakakaa pamoja. Kwenye mitandao wimbo bado uko kila mahali kwa jina langu. Mjukuu wangu anaandika masahihisho kila mahali anapoukuta, lakini anayeusikia sasa hivi sehemu nyingine huenda asiyaone kamwe. Hilo siwezi tena kulirudisha.

Nakuusia hivi, mwanangu. Kazi ya mwenzako itaje kwa jina lake, hata kama wewe ndiye uliyeifanya ipendwe, na hata kama hayupo chumbani. Na mtu uliyemkosea akikupa nafasi ya kurekebisha kwa heshima, usidhani hajui. Anajua, na anakusubiri. Rekebisha wiki hiyo, wakati inagharimu aibu ndogo tu. Ukichelewa wataumia watu usiowajua, na kuna walioumizwa watakaokuwa wameshazikwa.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali hapa ugenini na kokote utakakokwenda. Akupe wakubwa wapole kama Mwalimu Idrisa, na akupe moyo wa kuwasikia wangali hai. Akurejeshe kwenu salama, ukiwa na jina lako na halali yako tu. Amina.