Evarista na Klabu ya Nyuki

Wiki yake ya kwanza chuoni Mbeya, Evarista alijiandikisha klabu tano kwa mkupuo, kama mtu aliyeambiwa kesho zinafungwa. Kwaya ikamwambia sauti yake ni ya kuitia ng'ombe. Kwenye midahalo alisimama, akasema "Ndugu mwenyekiti," akakaa. Netiboli wakamfanya mbeba maji, na watu wa ujasiriamali hata jina lake hawakulishika. Ikabaki Klabu ya Nyuki, iliyompokea kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa na watu watatu tu.

Na hiyo nayo ilikuwa mbioni kufa. Mwishoni mwa muhula serikali ya wanafunzi ilitangaza kwamba klabu isiyofikisha majina ishirini ifikapo Ijumaa saa sita mchana inafutwa. Ijumaa yenyewe, saa tano na nusu, daftari lilikuwa na majina matano, mawili yakiwa ya mwenyekiti Obeid. Obeid mwenyewe, kijana mpole wa Tosamaganga, alikaa kwenye meza nje ya ukumbi wa mihadhara akiwasomea wapita njia katiba ya klabu, ibara kwa ibara, kwa sauti ya kusomea matangazo ya msiba.

Evarista alitamani kulia. Klabu ikifa, anarudi kuwa mtu wa darasani na kitandani, hana kikao, hana wa kumwambia "tukutane jioni."

Mara mlango wa ukumbi ukafunguka, wanafunzi wakamwagika nje na haraka zao. Muhula mzima Evarista alikuwa ameficha kwamba amekulia Ilula akiuza nyanya barabarani kwenye madirisha ya mabasi, na kwamba kila jioni mama yake alikuwa na swali moja tu: "Umebakiza?" Sasa aliutazama ule mlango akaujua. Basi limesimama, dakika mbili, halafu linaondoka.

Akanyakua daftari, akaliinua juu kama ndoo ya nyanya dirishani, akakimbia sambamba nao.

"Mjomba wa begi la bluu! Dada yangu wa rasta! Jina tu, sikuulizi lingine! Nyuki wetu hawaumi, hata mizinga hatujapata! Shangazi, usiniache hivyo jamani!"

Ile sauti ya kuitia ng'ombe ilifika mpaka kantini. Watu wakacheka, wakaandika huku wanatembea. Kijana mmoja mrefu, Dastan, akamkazia macho.

"We! Si wewe ndiye uliyelikimbilia basi letu pale Ilula, Desemba? Nilinunua ndoo nzima, na mimi nyanya hata sili!"

Aibu ilimshika kidogo tu, furaha ikamzidi. "Ndiye mimi, kaka! Andika hapa."

Dastan akaandika, akawaita na wenzake watatu. Saa sita kasoro dakika mbili Obeid alihesabu majina thelathini na moja, akamteua Evarista katibu mwenezi papo hapo, bila kikao wala ibara.

Evarista akampigia mama yake, akamwaga yote bila kupumua: nyuki, daftari, ukatibu. Mama hakuelewa hata nusu. Nyuma yake basi lilikuwa linapiga honi.

"Haya mwanangu, nimesikia. Umebakiza?"

"Sijabakiza, mama."