Leo nimefungiwa geti Mwananyamala kisa magari ya wakubwa

Leo nimefungiwa ndani ya geti na watu ninaowasomea mita kila mwezi.

Kazi yangu mnaijua, nasoma mita za maji. Asubuhi nimeingia uani kwa Bi Zuhura, Mwananyamala, nikakuta wapangaji wote wanasikiliza Bunge redioni. Mbunge wa upinzani anauliza kwa nini serikali imewanunulia wakubwa wa mamlaka ya maji magari ya kifahari wakati mabomba ya wananchi ni makavu.

Na mie ndio nimesimama pale, na sare ya mamlaka mwilini.

Mpangaji mmoja, kaka wa miraba minne, akaenda taratibu akafunga komeo la geti.

"Dada, hutoki mpaka utuambie pesa zetu zimeenda wapi."

Wakanizunguka. Nikasema ukweli tu.

"Kaka, hayo magari mie nayaonaga yakipita. Natembea kwa miguu, na kwangu Chang'ombe maji hayajatoka wiki ya pili."

Mbunge redioni bado anaongea.

Bi Zuhura akanyanyuka, akachota kikombe kwenye ndoo ya maji ya kununua, akanipa.

"Kunywa, mwanangu. Ila mita yangu leo huisomi."

"Sawa, bibi."

Nikanywa yote. Yule kaka akanifungulia bila kuniangalia usoni.

Sasa niko ofisini, fomu ya Bi Zuhura iko tupu mbele yangu na bosi anaisubiri.

Nyie mngeandika nini?