Mama Alivyokatwakatwa Kwenye Mkanda wa Harusi

Siku tuliyotazama mkanda wa harusi ya binti yangu, nyumbani Kiseke, tulikuwa wanne: mimi, dada yangu mkubwa, bibi harusi mwenyewe, na mpiga video, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu anatambaa. Majina yote ninayo, siyaandiki. Mama yetu hakuwepo. Tulimzika wiki tatu baada ya harusi.

Miaka hiyo kamera za video ndiyo zinaingia mjini, kila harusi inataka mkanda. Mirongo kulikuwa na mpiga video anayesifika, nikamwacha, kazi nikampa huyu wa kwetu kwa sharti moja: mama akitoka kumtunza mjukuu, anampelekea zawadi huku anacheza, asichezee picha. Mama alikuwa na mguu mbovu, akaufundisha kucheza. Anauburuta, bega linashuka, utadhani ndio mtindo wenyewe. Hicho ndicho nilichotaka nibaki nacho.

Mkanda ukafika pale mama anapotoka kutunza. Mama yuko mlangoni. Mama yuko katikati ya ukumbi. Mama kashainama kwa mjukuu. Mwendo hamna.

"Umemfanya mama yetu panzi!" dada akasema. "Anaruka tu!"

"Ndiyo staili, shangazi," akajibu anacheka. "Sinema ina picha chache kwa sekunde kuliko video, jicho ndilo linaziunganisha. Na hawaziongezi, maana watu wameshazoea hivyo. Video ikiwa laini sana wanaona kama wanatazama mpira. Nikapunguza picha nyingi, harusi ifanane na sinema."

"Ukapunguza za nani?" nikamuuliza.

Akausimamisha mkanda.

"Haya, niletee ule mkanda wa kwenye kamera, wenye picha zote," nikamwambia.

Akainamia viatu vyake. "Shangazi, nimeshaurekodia harusi nyingine juu yake."

"Kabla ya msiba au baada?" binti yangu akauliza.

"Baada."

Angekuwa yule wa Mirongo, ningesema hakujua. Huyu alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia, halafu akaenda kumfuta. Eti jicho linaunganisha lenyewe. Langu limegoma mpaka leo.

Mimi nasema mguu mbovu ulikuwa wa kushoto, na mama alipofika katikati aligeuka akanitazama. Dada anasema hakugeuka kabisa. Wewe uliyekuwa ukumbini Igoma siku ile, ukamwona akitembea, kama nimekosea nirekebishe.